Tarehe 31 Juni

Mimi ni mtu wa ndani. Kiti changu kiko Soweto, Mbeya, chumba cha mbele cha nyumba yetu, nyuma ya meza yenye kompyuta, printa na mashine ya kutoa kopi, na nisipokuwa kwenye kiti hicho basi ujue nimelala. Anayetoka ni mke wangu. Kila wiki anapanda basi kwenda Igawa kuchukua mchele, anarudi na magunia na habari za barabarani, ananikuta pale pale aliponiacha.

"Mzee wa ndani," huniambia, "siku nyumba hii ikihama utajuaje?"

Majirani nao wana yao. Wanasema viatu vyangu ndivyo pekee mtaani vinavyozeeka kwa kukaa.

Chumba hicho tunakiita stesheneri. Kibao cha nje kinasema tunauza madaftari, tunachapa barua, tunatoa kopi. Kuna kazi moja ambayo kibao hakiisemi, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kwa asiye na mtoto sekondari, nieleze kidogo. Siku hizi mwanafunzi hupewa kitu kinaitwa kazi mradi. Anatakiwa atafute jambo mtaani kwake, ahoji watu, aangalie, ahesabu, kisha aandike alichokikuta, na alama zake zinaungana na za mtihani wa mwisho. Shabaha ni mtoto ajifunze kutafuta ukweli mwenyewe bila kusubiri aambiwe. Ni wazo zuri sana. Mimi nimeshiriki kulizika.

Ilianza na jirani yangu, mama mmoja wa nyumba ya tatu, aliyekuja na mwanawe amemshika mkono kama anampeleka kituo cha polisi.

"Wewe si umesoma?" akaniuliza.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, huko Iringa, na nikatoka na divisheni foo. Lakini mtaani kwetu mwenye kompyuta ni msomi, na sikuona haja ya kumvunja moyo. Nikamwandikia yule kijana kazi juu ya mazalia ya mbu. Nikaandika kwamba wakazi hamsini walihojiwa, thelathini na wawili wakakubali kwamba tatizo lipo, kumi na wanane wakakataa. Sikumhoji mtu. Ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya unaifahamu mwenyewe, ukitoa pua nje inarudi si yako. Ili kazi ionekane ya muda mrefu, nikaandika kwamba utafiti ulifanyika kuanzia tarehe 10 hadi tarehe 31 Juni. Nikaifunga kwa plastiki ya mbele na ya nyuma. Kijana akapata alama nzuri kuliko nilizowahi kupata mimi katika somo lolote.

Baada ya hapo walikuja wengine. Faili likakaa kwenye kompyuta kwa jina la MRADI. Akija mtoto, natoa mbu naweka taka. Akija mwingine, natoa taka naweka utoro. Wakazi wangu wakabaki hamsini wale wale. Wamehojiwa juu ya kila kitu kinachoweza kumsumbua binadamu, na hawajawahi kuchoka, kuhama wala kufa.

Nikisema nilijifunza hayo kwenye kompyuta nitakuwa namsingizia Mchina. Nilijifunza Iringa, nikiwa kidato cha pili.

Shule yetu ilikuwa juu mlimani, ina mnara wa maji uliopinda kidogo, na upepo wake ulikuwa unaingia dirishani bila kubisha hodi. Mwalimu wa jiografia alinichagua niwe kiranja wa hali ya hewa. Nyuma ya bweni kulikuwa na kipimamvua, kopo la bati lenye mdomo mpana lililokaa juu ya nguzo, na ndani yake chombo cha kioo chenye mistari. Kila asubuhi nilitakiwa kwenda kusoma maji yamefika mstari gani, kisha niandike kwenye daftari kubwa la mvua. Nilikwenda wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikagundua kwamba mvua inasikika vizuri tu kwenye mabati, mtu akiwa ndani ya blanketi. Ikinyesha kidogo naandika nne. Ikipiga sana naandika ishirini na mbili. Nilikuwa na sikio zuri, hilo siwezi kujinyima.

Kumbe mlinzi wa shule alikuwa ameshakichukua kile chombo cha kioo akawa anakinywea ulanzi. Ile pombe ya mianzi inataka kikombe kirefu, na mistari ilimsaidia kujua amefika wapi. Kopo lenyewe nalo likaenda, sijui kwa nani. Mimi sikujua lolote, niliendelea kuandika mvua. Muhula mzima niliandika mvua.

Akaja mgeni kukagua shule. Akalipekua lile daftari, akasema hajaona kumbukumbu safi namna ile mkoa mzima, akataka aone na kifaa chenyewe. Nikasema "ndiyo, mheshimiwa" na nikatangulia njia, mwalimu wa jiografia nyuma yetu, mkuu wa shule nyuma ya mwalimu. Tukafika. Nguzo tupu.

Mgeni aliitazama nguzo, akatazama daftari, akatazama saa yake. Baada ya gari lake kuondoka nilichapwa fimbo sita, na hadi leo nakumbuka nilichoambiwa kati ya fimbo ya tatu na ya nne. Sikuulizwa kwa nini niliandika mvua ya uongo. Mwalimu aliniuliza kwa nini nilimwonyesha mgeni njia. "Ungesema kimepelekwa kutengenezwa," akasema. "Kichwa hiki ni cha kazi gani?"

Daftari halikutupwa. Lilikuwa safi mno, likarudishwa kabatini.

Basi. Miaka imepita, nimeoa Mbeya, nimekaa Mbeya, nina binti mmoja tu, na mwaka jana binti huyo alipoingia kidato cha tatu akaletwa mwalimu mpya shuleni kwao. Alikuwa dada mdogo mdogo, wa kujitolea, hana ajira kamili, anafundisha Kiswahili na Historia kwa hisani ya mkuu wa shule. Alikuja dukani kwangu kutoa kopi za mtihani. Nikamsikia anavyotamka, nikamwambia, "Kamwene." Akacheka, akajibu, "Kamwene. Kumbe na wewe, baba, ni wa kwetu Iringa." Tukawa ndugu palepale, ndugu wa salamu.

Mwalimu huyu alikuwa na swali moja. Mtoto akisema jambo lolote darasani, liwe la kweli au la uongo, anamuuliza: "Umejuaje?" Akijibu nimesoma, anaulizwa umesoma wapi, na aliyeandika alijuaje. Akijibu nimeambiwa, anaulizwa aliyekwambia alijuaje. Jibu moja tu alilipiga marufuku kabisa. Mtoto akisema "najua tu", anasimama mpaka apate jibu jingine.

Binti yangu akaja na swali hilo nyumbani kama mtu aliyeleta upupu. Mama yake akisema kesho itanyesha, umejuaje. Mimi nikisema nimechoka, umejuaje. Siku moja mezani mke wangu akasema lile analolisema kila siku, kwamba hakuna mchele mtamu kama wa Igawa.

"Umejuaje, mama?"

"Nimejua kwa sababu ndio uliokulea."

"Hiyo ni shukrani, mama. Sio ushahidi."

Mke wangu akaniangalia mimi. "Unamsikia mwanao?"

"Namsikia," nikasema. "Anaongea na wewe."

Jumamosi yake binti akapika sufuria tatu, maji sawa, mafuta sawa, chumvi sawa. Mmoja mchele wa Igawa wa mama yake, mwingine wa dukani wa bei ya chini kabisa, wa tatu ule uliobaki kwenye msiba wa jirani na hakuna aliyejua umetoka wapi. Akamfunga mama yake kitambaa machoni, akamlisha kijiko kimoja kimoja. Mke wangu akatafuna taratibu, kama mtaalamu, akanyoosha kidole kwa uhakika kwenye ule wa msibani.

"Huu hapa. Huu nautambua hata usingizini."

Alipofunguliwa macho akasema sufuria zimehamishwa. Hakuna aliyezihamisha, mimi nilikuwa nimekaa, kama kawaida, nilikuwa naona yote. Kwa wiki nzima hakusema habari za mchele, na binti alikaa kimya pia, ila nilimwona anaandika kitu kwenye kaunta buku lake. Nilicheka sana siku ile. Naikumbuka kwa sababu sioni nyingine niliyocheka namna hiyo tangu wakati huo.

Ikafika zamu ya kazi mradi. Mwalimu akaja dukani, safari hii mikono mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Kopi ngapi?"

"Hakuna kopi. Nina ombi. Darasa langu usiwaandikie. Wengine sina neno nao."

Nilijifanya napangusa printa. "Mwalimu, nimekuelewa."

"Umenielewa au umenikubalia?"

"Vyote."

"Nataka waende wenyewe," akasema. "Hata akileta ukurasa mmoja, hata akileta makosa. Akileta kosa lake mwenyewe nina pa kumwanzia. Akileta la kwako namwanzia wapi?"

Nilimuahidi, na wakati namuahidi nilikuwa namaanisha. Ahadi iliishi siku mbili. Siku ya tatu yule mama wa nyumba ya tatu akaingia na mtoto wake wa pili, akasema keshokutwa ndio mwisho wa kukusanya, mtoto hajaandika hata kichwa cha habari, na huyo mwalimu wenu wa Iringa anataka kuwaua watoto wa watu. Alisema "wenu" kwa kunitazama mimi. Nikafungua faili. Ukishamfungulia mmoja, wa pili utamwambia nini? Kufikia kesho yake walikuwa wamepanga foleni mpaka nje, na wakazi wangu hamsini walihojiwa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yao.

Mwalimu alizipokea, akazisoma. Binti yangu alitusimulia mezani kilichotokea. Mwalimu alisimama mbele ya darasa na lile fungu la kazi mikononi, akasema: "Ninahisi kitu juu ya kazi hizi. Lakini kuhisi sio kujua. Siwezi kumwadhibu mtu kwa ninachohisi." Akawaongezea wiki mbili, anayetaka kubadilisha abadilishe. Hakuna aliyebadilisha. Binti yangu peke yake ndiye aliyekuwa hajakusanya kitu, na mimi nikadhani ni uvivu, nikaona afadhali, amefanana na mimi.

Wiki hizo mbili akawa anakuja kukaa dukani akitoka shule. Anapanga karatasi, anasikiliza wateja, anaandika kwenye kaunta buku. Nikamwambia mama yake, huyu mtoto ameanza kupenda biashara. Mke wangu akasema, "Kaa na matumaini yako." Sikumuuliza ana maana gani. Ningemuuliza.

Siku moja mchana, hakuna mteja, binti akaniwekea mezani karatasi nane zilizoandikwa kwa mkono.

"Baba, naomba unichapie."

Nikavaa miwani. Kichwa cha habari: *Kazi Mradi za Darasa Letu Zinatoka Wapi.*

Nilisoma nimekaa, na bado nilitamani pa kukalia. Alikuwa amewauliza wenzake wote, mmoja mmoja, kwa ahadi ya kutoandika majina: kazi yako umeiandika mwenyewe? Wengi walisema ndiyo. Hakuishia hapo, kwa sababu aliyejibu anaweza kudanganya. Aliomba kuziona nakala zao. Alikuta kwamba karibu zote zilihoji wakazi hamsini, na kati ya hao hamsini, thelathini na wawili walikubali na kumi na wanane walikataa, hata pale swali lilipokuwa la mbu, hata lilipokuwa la taka, hata lilipokuwa la mimba za utotoni. Halafu akaandika sentensi moja peke yake, katikati ya ukurasa. Kazi zote hizo zilisema utafiti ulifanyika hadi tarehe 31 Juni. Mwezi wa Juni una siku thelathini.

Nilihesabu kwa vifundo vya vidole, kama tulivyofundishwa darasa la pili. Juni ikaangukia bondeni. Miaka yote hiyo, watoto wote hao, walimu wote waliosahihisha, na hakuna aliyeuona mwezi umezidi siku.

Mwishoni alikuwa na sehemu ya mapungufu. Aliandika kwamba nakala chache hakupewa, kwa hiyo hawezi kuzisemea. Na aliandika hivi: *Mtafiti ni mtoto wa mwenye stesheneri, hivyo msomaji akumbuke kuwa mtafiti anaweza kuwa na upendeleo.*

"Mama," nikamwambia, maana binti yangu namwita mama, "unataka kunifunga?"

"Sijakuandika jina. Nimeandika 'stesheneri moja ya mtaani'."

"Mtaani hapa stesheneri ziko ngapi?"

Akafikiri. "Moja."

"Haya."

"Nilijaribu kutafuta jambo jingine, baba. Lakini hili ndilo nililokuwa naliona kila siku." Akavuta stuli, akakaa karibu yangu. "Nionyeshe nilipokosea. Kama kuna mahali nimekosea nitarekebisha."

Nikazipitia tena zile karatasi, mwanzo mpaka mwisho, natafuta. Nawaambia kweli, nilitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa kitu chochote, hata mtihani wa kidato cha nne. Sikupata.

"Wino umeisha," nikasema.

Aliangalia printa. Muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imetoa kurasa arobaini za ratiba ya kwaya, na zilikuwa bado zimelala pale pembeni, nyeusi tititi. Hakuniuliza nimejuaje kama wino umeisha. Alizikusanya karatasi zake, akazipeleka zilivyo, za mkono.

Mwalimu alimpa alama za juu kuliko wote. Kisha akazipeleka zile karatasi kwa mkuu wa shule, akidhani, nadhani, kwamba mkuu naye angependa kujua.

Niliitwa. Mke wangu alikuwa Igawa, kwa hiyo ilibidi nivae viatu. Ofisini nilimkuta mkuu wa shule, binti yangu amesimama mikono nyuma, na mwalimu amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki.

"Mzazi, karibu," mkuu akasema. "Huyu binti ana akili."

"Asante, mkuu."

"Ana akili kuzidi shule yetu. Umeisoma hii?"

"Nimeisoma."

"Ni kweli?"

"Ni ya mtoto, mkuu."

"Sijakuuliza ni ya nani."

Mkuu alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa mkali ningejua pa kushika. Akazigongagonga karatasi mezani zikae sawa, akasema kama mtu anayesoma tangazo la msiba: hii ikienda juu hivi ilivyo, darasa zima linafutiwa alama. Sio stesheneri, darasa zima, watoto wa majirani zako wote. "Na mmoja wao ni wa kwangu," akaongeza. "Unamjua. Ulimwandikia taka."

"Namkumbuka, mkuu. Kijana mzuri."

"Sasa nafasi ya binti yako ipo. Alete nyingine, inayofanana na ya wenzake, nami nitaisaini leo. Asipoleta, yeye atakuwa hana alama kabisa, na mtihani wa mwisho ataanza na pengo hilo."

Binti akasema, taratibu, "Mkuu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Sasa kwa nini niandike nyingine?"

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Muulize baba yako," akasema.

Binti akanigeukia. Hakuwa analia wala hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ile ile ya siku ya sufuria tatu, sura ya mtu anayesubiri kuona kidole kitaelekea wapi. Nyuma ya kichwa cha mkuu kulikuwa na kalenda ya ukutani, ile yenye miezi yote kwenye karatasi moja. Nikaiangalia. Juni ilikuwa na siku thelathini. Mwalimu naye alikuwa ananiangalia. Nikafikiria kwamba neno langu moja tu linatosha, nikisema mkuu, kazi ya mtoto ni ya kweli, niandikeni mimi, mtoto apewe alama yake. Nikaona foleni ya akina mama nje ya duka langu. Nikaona binti yangu anapita Soweto akinyooshewa vidole, huyo ndiye aliyewafutia wenzake. Hayo niliyaona vizuri kabisa, kama nilivyokuwa naisikia mvua ndani ya blanketi.

"Tutaleta nyingine," nikasema.

Mwalimu aliinuka, akatoka. Alipofika mlangoni alimgusa binti yangu begani kidogo, kama mtu anayeangalia nguo kama imekauka.

Ile nyingine niliichapa jioni hiyo hiyo. Utoro. Wakazi hamsini. Binti aliandika jina lake juu kwa kalamu, mwandiko mzuri, na mkuu akaisaini. Wino ulikuwepo.

Mwisho wa muhula mwalimu aliambiwa shule imemshukuru kwa kujitolea kwake. Alikuja dukani kuchapa barua za kuomba nafasi kwingine, anarudi Iringa kwa wazazi. Nikataka kumfariji. Sijui kwa nini mtu wa aina yangu hudhani anaweza kufariji. Nikamsimulia kisa cha kipimamvua, kwamba hata mimi nilipitia hayo, nilichapwa kwa kumwonyesha mgeni njia, dunia ndivyo ilivyo. Nilikisimulia kwa mbwembwe, nikiwa na hakika atacheka kwenye mlinzi na ulanzi.

Hakucheka. "Shule yenye mnara wa maji uliopinda?"

"Hiyo hiyo. Unaijua?"

"Nimesoma hapo, baba. Lile daftari bado lilikuwepo. Mwalimu wa jiografia alikuwa anatupa tuchore grafu ya mvua. Mwandiko mzuri wa wino wa bluu."

"Ndio wangu."

"Mimi nilipata zote. Nikaandika na maelezo, kwamba mwezi wa tatu mvua ilizidi kwa sababu ya upepo unaotoka bondeni." Akachukua barua zake, akazipanga. "Nilieleza vizuri sana ule upepo."

Akasema kamwene, kwa heri, vyote kwa pamoja, akaondoka. Sijui alipata nafasi wapi, wala kama alipata.

Binti yangu sasa yuko kidato cha nne. Likizo hii amekuwa akikaa dukani, safari hii kwa kazi kweli, bila kaunta buku. Anachapa haraka kuliko mimi mara mbili. Mama yake akirudi Igawa husifia mchele wake kama zamani, na hakuna anayemuuliza kitu.

Wiki iliyopita nilimkuta amefungua faili la MRADI. Ameshaiondoa tarehe 31 Juni, ameweka 29.

"Na hawa hamsini, baba, wanashtua," akasema, macho kwenye kompyuta. "Namba inayoishia na sifuri inaonekana imetungwa. Nimeweka arobaini na saba. Na nimeweka wawili waliokataa kuhojiwa. Msahihishaji akiona waliokataa, anaamini wengine walihojiwa kweli."

Nikatazama. Ilikuwa kazi nzuri. Ingempita hata yule mgeni wa Iringa.

"Umejuaje?" nikamuuliza. Lilinitoka tu, sikulipanga.

Vidole vyake vikasimama juu ya vitufe. Nilidhani atageuka. Nje kulikuwa na mama amesimama na mtoto wake, anasubiri.

"Najua tu, baba," akasema, akabonyeza kuchapa.